Muulize Mfinyanzi: Dola ishirini kwa bakuli tupu?

*Safu hii inaandikwa na mfinyanzi mzaliwa wa Kyela, ambaye sasa anafundisha ufinyanzi mjini Lansing, Michigan.*

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili ule mlo wa kuchangia njaa unaoitwa Empty Bowls, yaani Mabakuli Matupu, kisha nikaendelea na habari ndefu za tanuri. Barua ya tanuri haikuja hata moja. Zote zimekuja za mabakuli. Haya, tuongee mabakuli.

Mama, jambo. Mwanangu ameleta karatasi ya shule: kutakuwa na mlo wa Empty Bowls, tiketi dola 20, na kila mtu anapewa bakuli. Dola ishirini mimi nanunua sahani sita dukani na chenji inabaki. Na kuna lingine naona haya kuliuliza. Sisi wenyewe tunachukua chakula kwenye stoo ya kanisa. Mtu kama mimi anaweza kwenda pale?
*Mama wa watoto wanne, Grand Rapids (nyumbani Uvira)*

Karibu sana, mama. Naanza na hilo la pili kwa sababu nadhani ndilo lililokufanya uandike. Nenda. Mlangoni hakuna anayeuliza mtu anapata wapi chakula chake. Kama tiketi ni nzito, mwulize mwalimu wa sanaa kama wanahitaji watu wa kujitolea: kupakua supu, kukata mikate, kuosha masufuria. Sehemu nyingi anayejitolea anakula na kuchagua bakuli kama wengine. Nyingine wana tiketi za toa ulicho nacho, ila hawazitangazi sana, kwa hiyo uliza. Na kama mwanao yuko darasa la ufinyanzi, basi bakuli mojawapo pale mezani ni lake. Wahi ulitafute kabla mtu mwingine hajalibeba.

Sasa dola ishirini. Ukilinganisha na bei ya sahani za dukani utaona umeibiwa. Lakini pale hununui chombo. Udongo umetolewa na shule au na duka la vifaa, mabakuli yamefinyangwa bure, supu imepikwa na mikahawa ya mtaani au na akina mama wa kanisa, mkate umetoka kwa mwokaji. Kwa kuwa karibu kila kitu kimetolewa, sehemu kubwa ya ile ishirini inapita mezani bila kuguswa na kwenda kununua chakula.

Jambo hili lilianzia hapa hapa Michigan, mwaka 1990. Mwalimu wa sanaa wa sekondari, John Hartom, na mwenzake Lisa Blackburn walikuwa wanatafuta namna ya wanafunzi kuchangia chakula kwa wasionacho. Wanafunzi wakafinyanga mabakuli, wageni wakaalikwa kula supu na mkate, na baada ya kula wakaambiwa bakuli ni lako, nenda nalo nyumbani, likukumbushe kwamba duniani kuna mabakuli mengine yaliyo matupu. Hakukuwa na utaalamu wowote zaidi ya huo. Ndiyo maana umesambaa: hauhitaji ofisi wala wafadhili wakubwa, unahitaji udongo, moto na sufuria.

Na hiyo stoo ya kanisa unayoionea haya, kwa kawaida mzigo wake unatoka kwenye ghala kubwa la mkoa, wanaloliita benki ya chakula. La kwanza lilifunguliwa Phoenix, Arizona, mwaka 1967 na John van Hengel, na leo yako karibu mia mbili nchi nzima. Pesa za mabakuli mara nyingi zinaishia kwenye maghala hayo au kwenye stoo zenyewe. Kwa hiyo ukienda kupakua supu siku ile, unaweza kuwa unasaidia kujaza katoni utakayoibeba mwenyewe mwezi ujao. Sioni aibu iko wapi.

Shikamoo Mama. Sisi ni vijana wa usharika mmoja hapa Mbezi, Dar es Salaam. Tunataka kuandaa mlo wa mabakuli kuchangia chakula cha mchana katika shule ya msingi iliyo jirani. Kamati imependekeza pilau, kuku, kachumbari, soda na MC. Tiketi 30,000. Mabakuli tutawaomba wafinyanzi wa Kyela watuchangie. Tunaomba ushauri.
*Katibu wa kamati*

Marahaba, mwanangu. Kamati yenu imeandaa harusi. Bado bibi harusi tu.

Najua mnapotoka. Kwetu mgeni akiondoka mezani na nafasi tumboni ni aibu ya mwenye nyumba, na mtu aliyetoa elfu thelathini anatarajia kuona paja la kuku. Lakini fanyeni hesabu kabla ya kupiga simu kwa MC. Tuseme wamekuja watu mia moja. Mmekusanya milioni tatu. Toeni mchele, nyama, kuku, mafuta, soda, mpishi, turubai, viti, spika na posho ya huyo mchekeshaji. Ikibaki milioni moja mshukuru Mungu. Maana yake kila aliyetoa elfu thelathini amejinunulia chakula cha elfu ishirini, na watoto wa shule wamepata elfu kumi. Kama ni hivyo, pitisheni bahasha tu.

Mlo wa mabakuli unafanya kazi kwa sababu ni mdogo. Upawa mmoja wa supu, kipande cha mkate, maji. Mtu anainuka akiwa bado anaweza kula, na hiyo si bahati mbaya, imekusudiwa. Akifika nyumbani atakula, yeye ana kwa kufika. Wengine wataona hamkujiandaa. Waarifuni mapema, kwenye tiketi kabisa: supu na mkate, bakuli utaondoka nalo. Asiyetaka hilo asije, na ninyi msimsihi.

Supu ipi? Mimi kila mwaka huwa kwenye sufuria ya dengu, na siachii mtu. Kilo moja ya dengu nyekundu inatoa mabakuli kumi na mawili hadi kumi na tano ya kiasi cha upawa mmoja uliojaa. Kaanga vitunguu taratibu mpaka viwe rangi ya chai ya rangi, usikimbilie, hapo ndipo ladha ilipo. Tangawizi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, manjano kidogo, karoti zilizokwaruzwa ziyeyukie humo. Dengu zikishapondeka zenyewe, punguza moto ndipo utie tui, maana likichemka kwa nguvu linakatika na supu inakuwa na mafuta juu kama maji ya kuoshea sufuria. Ndimu ikatwe pembeni, kila mtu ajikamulie. Supu iliyopikwa asubuhi ikaachwa vuguvugu hadi saa nane mchana ni hatari kwa watu mia, hata kama ni ya kanisa. Ikae jikoni juu ya moto mdogo wakati wote. Huku wanatudai isishuke chini ya nyuzi 57 za Selisiasi, na mkaguzi wa afya anakuja na kipimajoto chake mfukoni.

Sasa nifike kwenye lile lililoniuma: wafinyanzi wa Kyela watuchangie.

Huku Michigan wanaotoa mabakuli bure ni wanafunzi, walimu wastaafu, watu wenye gurudumu la kufinyangia kwenye gereji na pensheni benki. Wakitoa mabakuli ishirini, jioni wanakula kama kawaida. Mama wa kabila la Wakisi, kule Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, hana gereji. Anachimba udongo, anaubeba, anaukanda, anafinyanga kwa mkono bila gurudumu, anasugua kwa kokoto mpaka ngozi ya chungu ing'ae, anachoma kwa nyasi na kuni, kisha Jumamosi vinapakiwa kwenye mtumbwi kando ya Milima ya Livingstone hadi soko la Lyulilo, pale Matema. Chungu ndicho daftari la mtoto, ndiyo sukari, ndiyo sabuni. Kumwomba huyo achangie njaa ya Mbezi ni kutoa bakuli kwenye mkono mmoja mtupu kulipeleka kwenye mwingine.

Nunueni. Kwa bei atakayotaja yeye, na siku hiyo msipatane. Toeni oda mapema, mkieleza kwamba mnataka vibakuli vidogo vya supu, kwa sababu mikono yake imezoea vyungu vya kupikia na mitungi. Msiagize kwa ajili ya Aprili. Kyela ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, na masika udongo haukauki na kuchoma nje ni kubahatisha. Safirisheni kwenye majani makavu ya mgomba ndani ya tenga, kama vinavyosafiri siku zote. Na mkiwa na vijana wenye mikono, nendeni mkafinyange wenyewe huko, mkilipia mafunzo. Vitakavyopinda vipelekeni mezani hivyo hivyo. Nimeona bakuli lililopinda likigombewa kuliko lililonyooka.

Je, chombo cha udongo kisicho na ile rangi ya kung'aa kinafaa kwa supu? Mke wangu anasema kinanyonya uchafu.
*Baba J., Mbeya*

Mama J. ana hoja, ila si ya kukuzuia. Chungu kilichochomwa nje kwa nyasi kina vitundu vidogo, kinanyonya maji, ndiyo sababu mtungi unapoza maji. Kabla ya kukitumia, pikia humo uji mzito, uache upoe humo humo, kisha osha. Wanga unaziba vile vitundu. Baada ya hapo supu ya mlo mmoja haina shida. Usilaze chakula ndani, na baada ya kuosha kikauke juani.

Mimi hofu yangu iko kwenye hivyo vinavyong'aa. Glezi, ile ngozi ya kioo inayopakwa juu ya chombo na kuyeyushwa tanurini, kwa karne nyingi imetengenezwa kwa madini ya risasi, kwa sababu risasi inayeyuka kwa moto mdogo na kung'aa vizuri mno. Ukitia kitu kichachu, ndimu, nyanya, siki, risasi inatoka kwenye kioo na kuingia kwenye chakula, na kwa mtoto inaharibu ubongo bila kumpa homa wala dalili ya haraka. Kwa hiyo anayekuletea poda ya rangi isiyo na maelezo kwenye kifuko, mwambie hapana, asante. Bora bakuli la Kikisi lisilopakwa kitu kuliko bakuli zuri usilojua limepakwa nini.

Nafinyanga kwa mapenzi tu. Nimeahidi mabakuli kwa mlo kama huo unaoandaliwa na shule yetu, lakini mengine yanalipuka tanurini, mengine yanapata ufa chini wenye umbo la herufi S. Mwalimu anasema ni hewa iliyobaki kwenye udongo.
*Mwanafunzi, Nairobi*

Mwalimu wako amerithi hiyo imani kwa mwalimu wake. Hewa pekee haivunji bakuli. Kinachovunja ni maji. Udongo unaoonekana mkavu bado una maji ndani, na ikifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, ukuta ukiwa mnene hakuna njia. Gusisha kitako cha bakuli shavuni: likiwa la baridi bado lina maji, lirudishe rafuni. Halafu tanuri ipande taratibu sana mpaka ipite 100, wengine tunailaza hapo chini usiku kucha.

Ufa wa S ni jambo jingine. Unapofungua udongo kwenye gurudumu, vidole vinavuta ukuta juu lakini chini hapaguswi. Ukuta umebanwa, chini ni legelege, vikikauka kila kimoja kinasinyaa kivyake. Kabla ya kuvuta ukuta, bonyeza sakafu ya bakuli kwa ubavu wa mbao, kile kibao cha kulainishia, kutoka katikati kwenda nje na kurudi, mara kadhaa. Likishakuwa gumu kama ngozi ligeuze lichongwe mguu, ile pete ya chini linayokalia, kisha likauke kichwa chini, limefunikwa nailoni nyembamba.

Vipimo, kwa kuwa utaniuliza: nusu kilo ya udongo kwa bakuli, upana wa sentimita 15 likiwa bichi. Udongo tunaotumia huku unasinyaa kama asilimia 12 hadi kutoka tanurini, kwa hiyo utabaki na 13 na kitu. Moto wa kwanza karibu nyuzi 1,000, wa pili wa glezi karibu 1,220. Futa glezi yote mguuni, la sivyo bakuli litaganda kwenye rafu ya tanuri na mwenye tanuri hatakualika tena.

Harambee tumezichoka. Unatoa, picha zinapigwa, baada ya hapo kimya. Hizo pesa za mabakuli nani anazihesabu?
*Msomaji, Nakuru*

Asizihesabu anayezipokea peke yake. Hilo tu likifanyika nusu ya maneno inakwisha. Tunavyofanya sisi: tiketi zina namba, watu wawili wasio ndugu wanahesabu pamoja usiku ule ule kabla masufuria hayajaoshwa, karatasi inasainiwa, na pesa zinapelekwa kwenye stoo ambayo jina lake lilikuwa kwenye tiketi tangu mwanzo. Wiki inayofuata karatasi hiyo hiyo inabandikwa mlangoni: kilichoingia, kilichotumika, kilichokwenda. Ukikuta waandaaji wanasema tutaona pa kuzipeleka, weka simu yako ya M-Pesa mfukoni.

Nyongeza ya kuwachekesha. Marekani ukilipa dola 20 na bakuli na supu vikathaminiwa dola 8, mtu wa kodi anakuhesabia umechangia 12 tu. Na mfinyanzi aliyetoa bakuli haruhusiwi kudai bei ambayo angeliuzia, anadai gharama ya udongo na glezi, yaani senti. Saa zake, mgongo wake, nguvu za miguu yake kwenye gurudumu, havimo.

Sisi Waislamu tukialikwa tutakulaje, hatujui supu imepikwa na nini?
*Dada, Columbus, Ohio*

Pigia waandaaji mapema, usingoje mlangoni. Supu za huku hata zinazoitwa za mboga mara nyingi zinaanzia kwenye mchuzi wa mifupa, na supu ya njegere ni nadra kukosa nguruwe. Dai sufuria moja ya mboga tupu yenye upawa wake. Upawa ndio unaosahaulika. Na mkiweza, jitoleeni kuleta sufuria hiyo ninyi. Kama tarehe imeangukia Ramadhani, chukua bakuli lako na supu kwenye chombo cha kufunika, ufuturu nayo nyumbani.

Samahani Mama, mimi naona ni mchezo wa walioshiba. Wanakula supu, wanajisikia vizuri, wanarudi na bakuli la kuwekea funguo. Njaa iko pale pale.
*Msomaji, Minneapolis*

Huna haja ya kuomba samahani, nami nitakuongezea kuni. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilihesabu kwamba mwaka 2023 kaya milioni 18, asilimia 13.5, zilipitia kipindi ambacho hazikuwa na uhakika wa chakula cha kutosha. Umoja wa Mataifa unakadiria waliokuwa na njaa duniani mwaka 2024 ni milioni 673, na Afrika ni zaidi ya mtu mmoja kwa kila watano. Feeding America, mtandao wa benki za chakula zenyewe, wanasema kwa kila mlo mmoja wanaotoa wao, ile kadi ya chakula ya serikali, SNAP, inatoa tisa. Pigia hesabu: serikali ikipunguza hiyo kadi kidogo tu, mabakuli yetu yote hayazibi pengo.

Sasa tuache? Mimi siachi, lakini nina masharti, na kwenye kamati yetu nimeshakuwa mzee mgomvi kwa ajili yake. La kwanza, mwenye njaa asiletwe kwenye maikrofoni kutoa ushuhuda ili watu walie na kufungua pochi. Aongee anayeendesha stoo, aseme wiki hii wamekuja watu wangapi na rafu gani iko tupu. La pili, kila meza iwe na karatasi yenye hiyo hesabu ya mmoja kwa tisa, pamoja na namba ya simu ya ofisi ya mbunge wa eneo. Mtu akiwa na bakuli mkononi na hajashiba, anaisoma. Nimeona watu wakitoa simu na kupiga hapo hapo mezani, na nimeona wengine wakigeuza karatasi kuwekea kijiko. Hao wa kijiko nao wametoa dola ishirini, na dengu zimenunuliwa. Kuhusu bakuli la funguo, hapo sina la kukujibu. Langu moja najua liko kwa jirani, mbwa analinywea maji.

Bakuli nililopata mwaka jana limepata ufa mwembamba. Naweza kuligundisha niendelee kulia chakula humo?
*Mama K., Lansing*

Hapana, mama. Gundi ya dukani si ya chakula, na ufa ule hata ukiusugua vipi unahifadhi mabaki na vijidudu. Toboa tundu chini kwa drili yenye ncha ya vigae, taratibu, huku ukimwagia maji, upande mrehani wako. Mlo wa mwaka huu ukitangazwa njoo uchukue jingine. Na ukija mapema, kuna vitunguu vya kumenya.